Nyuzi Nene za Mzito

Mama alifunua sufuria akitegemea kukuta maji ya chai. Alichokuta kilimfanya arudishe mfuniko upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna anayeoga.

"Kitinda! Hebu njoo uniambie hiki ni kitu gani kwenye sufuria yangu!"

"Nyuzi, mama," binti alijibu kutoka chumbani.

"Kwamba ni nyuzi naona. Nauliza jikoni zimefuata nini."

Zilikuwa nyuzi za gitaa la besi, za chuma, zimejikunja ndani ya maji yaliyoanza kutokota, na uchafu wa vidole ukielea juu yake. Uzi wa besi ukipigwa muda mrefu hunywa jasho na mafuta mpaka unakuwa bubu. Mpiga besi asiye na uwezo wa kununua mpya huuchemsha, akaukausha, akaufunga tena, na kwa siku mbili tatu anapata sauti inayong'aa. Ndivyo walivyofanya katika nyumba ile tangu binti huyo, kitinda mimba wao, hajazaliwa.

"Mwache mtoto," alisema baba yake, akiingia na kipande cha msasa mkononi. "Mimi hapa nilichemsha za bendi nzima humo humo."

"Loo! Kumbe ndiyo maana chai ya nyumba hii ilikuwa na ladha ya misumari. Na mimi miaka yote nalaumu majani!"

Wakacheka wote watatu. Baba huyo watu walimwita Mzito, ingawa mwili wake ulikuwa mwembamba hata mshipi ulimshinda kukaza. Jina alilipata jukwaani, kwa kupenda nyuzi nene kuliko mpiga besi yeyote aliyejulikana, na kuzipiga taratibu, noti moja moja, mpaka glasi zitikisike mezani. Sasa alitengeneza milango na madirisha kwenye karakana ya maseremala. Msumeno ulikuwa umemkata mkono wa kushoto, vidole viwili vikapona vimekakamaa, na gitaa likahamia kwa Kitinda. Yeye alisema amemrithisha. Mkewe aliyejua jinsi alivyolia siku aliyojaribu kulipiga akashindwa hakuwahi kumsahihisha neno hilo.

Kitinda alipiga vingine kabisa. Vidole vyake vilikuwa vidogo na vyepesi, alizipiga nyuzi kwa dole gumba, akazivuta zikaruka, besi ikaongea kama mtu mwenye habari mpya. Mchana alifanya kazi kwenye duka la fotokopi, na jioni alipiga kwenye harusi za watu kwa kiasi cha nauli. Harusi moja kiongozi wa bendi ya hoteli kubwa alimsikia. Akamwita pembeni, akamwambia mpiga besi wao amehama, aje Jumamosi wamsikilize. Ilikuwa kazi ya kudumu, yenye mshahara wa mwezi na matibabu ya wazazi juu. Tangu siku hiyo hakuna aliyelala vizuri nyumbani kwao kwa furaha.

Kwa hiyo uzi ulipolia tii wakati Kitinda anaukaza, kisha ukakatika na kumchapa shavuni, walitazamana kama waliopokea taarifa ya msiba.

"Umezichemsha mara nyingi mno," Mzito alisema.

Mama alikwenda kwenye mashine yake ya cherehani, akavuta mtoto wa meza, akatoa pesa alizoziweka za kubadilisha mkanda wa mashine. "Shika, baba Kitinda. Mkanda nitaufunga kamba kwa sasa. Wewe kesho huna zamu, nenda ukamnunulie nyuzi."

"Nyembamba, baba," alisema Kitinda. "Zile zenye waya unaokwaruza, zinazolia. Usije ukaniletea zako zile laini."

"Leo mimi wa kupewa maelekezo ya nyuzi?"

"Ndiyo, leo wewe. Hebu sema. Nyembamba."

"Nyembamba."

"Zinazokwaruza."

"Zinazokwaruza, mwalimu. Nikimaliza nipige na saluti?"

* * *

Duka la vyombo vya muziki lilikuwa jembamba, ukuta mmoja magitaa, ukuta mwingine pakiti za nyuzi zimetundikwa kuanzia juu hadi usawa wa kiuno. Mwenye duka, mama mmoja wa makamo aliyevaa miwani kichwani, alikuwa akifuta vumbi kwenye vinanda.

"Karibu mzee. Nikusaidie nini?"

"Nataka nyuzi za besi."

"Zimejaa. Ni za nani, mpigaji mwenyewe ni..." Akashusha miwani machoni. "Ngoja kwanza. Wewe si Mzito?"

Mzito alinyoosha mgongo. Ilikuwa zamani mno mtu wa njiani kumtambua.

"Ndiye," alisema.

"Mungu wangu! Mimi na dada yangu tuliruka ukuta kuja kucheza muziki wenu! Mama akatucharaza, na wiki iliyofuata tukaruka tena. Besi yako ilikuwa inaingia hapa." Akajigonga kifuani. "Nasikia uliacha."

Mkono wa kushoto wa Mzito ulikuwa tayari umejificha mfukoni. Hakuuamuru, ulijificha wenyewe.

"Nani kasema nimeacha? Napiga."

"Si ndiyo hapo! Watu wana maneno, jamani. Basi nyuzi hata sikuulizi za aina gani." Aliinama chini ya meza, akapekua, akaibuka na pakiti iliyofifia rangi. "Nene, laini, kama unavyozipenda. Hazinunuliwi na mtu hizi. Vijana wote wanataka hizo nyembamba za ukutani, zinazopiga kelele kama sahani. Nikisema watu wa zamani ndio waliojua muziki, wananicheka. Hebu niambie, nakosea?"

"Hukosei," alisema Mzito.

Hapo ndipo angesema. Tena halikuwa jambo gumu: mama, ni za binti yangu, yeye hupiga nyembamba. Basi. Mwenye duka angecheka, angegeuka ukutani, angempa. Lakini kulisema hilo kulitaka kwanza aseme lile jingine, kwamba mkono umekufa na anasukuma randa. Na mama yule alikuwa akimtazama kwa macho ya msichana aliyeruka ukuta. Nani angependa kuyazima macho yale?

"Nipe hizo," alisema.

"Ndiyo Mzito ninayemjua! Na bei nakupunguzia. Hebu chukua besi ile pale uniguse roho kidogo kabla hujaondoka."

"Siku nyingine, mama. Leo nina haraka."

Alitoka na pakiti kifuani. Njia nzima alijieleza mwenyewe kwa mwenyewe, na alijishawishi vizuri. Kitinda ana vidole vyepesi, kweli, lakini wepesi una maana gani? Kila kijana ni mwepesi. Bendi ya hoteli inapigia watu wazima wanaokula taratibu. Akitokea msichana mdogo mwenye sauti pana ya wazee, si watadondosha vijiko? Mpaka anafika nyumbani alikwisha kuamini kuwa amemfanyia mwanawe wema, na kwamba angekuwa mjinga kama angefanya vingine.

* * *

Nyuzi zilikataa kukaa. Kwenye shingo ya gitaa, karibu na vigingi vya kukazia, kuna kipande kidogo cha mfupa chenye mifereji, na kila uzi hulala kwenye mfereji wake. Mifereji ile Kitinda alikuwa ameitengenezesha kwa fundi ili itoshee nyuzi zake nyembamba. Nene zikapanda juu yake, zikaning'inia.

Mzito hakutaka kusumbuka. Alifungua kisanduku chake, akatoa tupa, akaanza kupanua mifereji. Mkono wa kulia ulikuwa mzima na ulijua kazi. Tatizo la tupa ya milango ni kwamba inakula haraka. Alipanua, akachimba, akapuliza unga wa mfupa, akajaribu, akachimba tena kidogo. Uzi wa mwisho ulipokaa ndani sawasawa, aliugonga kwa kidole. Dirisha likanguruma. Mzito akatabasamu peke yake kama mtoto.

Kitinda alirudi kutoka kazini akaliona gitaa limeegemea kitandani. Hakuhitaji kuligusa.

"Baba! Hizi ni zako!"

"Nyembamba zimekwisha," Mzito alisema. Neno lilitoka kirahisi mno, hata yeye alishangaa. "Mama wa dukani anasema mzigo haujafika. Ningefanyaje? Nikuletee mikono mitupu?"

"Zimekwisha zote?"

"Ukuta mtupu."

Kitinda alikaa kitandani. Alipitisha kidole kwenye uzi mnene, ukateleza bila kukwaruza. Midomo ilimcheza kidogo kama anayetaka kulia, kisha akaguna.

"Haya. Si kosa lako. Ulikwenda mpaka huko kwa miguu."

"Kwanza sikiliza. Usizivute, hizi hazivutwi. Ziegemee. Noti moja, iache ikae."

Jioni ile alimfundisha. Alikaa nyuma yake kwenye kigoda, akimwimbia mapigo kwa mdomo, dum, du-dum, na Kitinda akifuata. Mama aliacha kushona akasimama mlangoni. Ilikuwa miaka hawajausikia muziki ule ndani ya nyumba, na machozi yalimlenga, akajifanya anatunga uzi kwenye sindano aliyoishika. Vidole vya Kitinda vilivimba. Mara kwa mara alivitia kwenye bakuli la maji, akarudi.

"Naona kama nasukuma kabati, baba."

"Utazoea. Mimi nilizoea."

Ilikuwa jioni nzuri kuliko zote alizokuwa nazo Mzito tangu msumeno ule. Baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko mengine, kwamba alifurahi kiasi kile.

* * *

Jumamosi asubuhi mlinzi wa hoteli aliwatazama viatu, akawaelekeza mlango wa nyuma. "Wapiga muziki wanapitia jikoni." Wakapita katikati ya masufuria na makreti ya soda, Kitinda na gitaa lake mgongoni, Mzito nyuma yake amevaa koti la jukwaani lililobaki na vifungo viwili.

Ukumbini viti vilikuwa vimepandishwa juu ya meza. Bendi ilikuwa imekaa tayari: mpiga dramu, mpiga gitaa la solo, na kiongozi wao, mwanamke mrefu aliyepiga kinanda na kuongea kwa sauti ya chini. Kwenye kona alikaa mwombaji mwingine, jamaa aliyelikumbatia gitaa jipya lililokuwa bado kwenye mfuko wake.

"Nilikuwa nakusubiri wewe," kiongozi alimwambia Kitinda. "Hawa nimewaambia kuna msichana anapiga besi inacheka. Mzee ni nani?"

"Baba yangu, mama."

"Karibu mzee, kaa."

Wakaanza. Mzito alikaa ukutani, akaanza kutikisa kichwa kwa fahari. Sauti ilijaa ukumbi, nene, laini. Lakini wimbo ule ulikuwa wa kasi, wenzake walikimbia, na besi ikawafuata nyuma kama mtu aliyebeba gunia. Kitinda alijaribu kuvuta uzi uruke. Uzi ulitoa mguno. Akapiga kwa dole gumba, mguno tena. Jasho lilianza kumtoka.

"Binti, fungua sauti," alisema kiongozi.

Kitinda alizungusha kitufe.

"Zaidi."

"Imefika mwisho, mama."

Kiongozi aliinua mkono, wote wakanyamaza. "Yule wa harusini yuko wapi? Mbona leo besi imevaa blanketi?"

"Ni nyuzi, mama. Zangu zilikatika. Nyembamba zimekwisha dukani."

"Zimekwisha?" Mpiga gitaa la solo alishangaa. "Duka lile la mama wa miwani? Mimi jana jioni nilikuwa pale, zimejaa ukutani hakuna hata pa kuegemea. Tena nimemchukulia shemeji yangu pakiti ya besi, hii hapa."

Akaitoa kwenye begi. Nyembamba, zenye waya unaokwaruza.

Kitinda aliitazama ile pakiti. Kisha akageuza kichwa, akamtazama baba yake. Hakukunja uso wala hakuuliza. Alitazama tu, kwa kitambo, kama mtu anayesoma kitu alichokuwa amekisoma vibaya mwanzo. Mzito aliangalia viatu vyake.

"Vaa hizi upesi," alisema mpiga solo. "Shemeji nitamnunulia nyingine. Tutakusubiri."

Ee, hata leo ukimwambia Mzito habari za wema wa watu, humkumbuka yule kijana wa solo, na humkumbuka kwa uchungu. Kitinda alipiga magoti sakafuni, akafungua nyuzi nene, akafunga nyembamba. Alipogonga wa kwanza, ulivuma kama nyuki aliyefungiwa chupani. Mifereji ilikuwa mipana mno, mirefu kwenda chini; uzi ulicheza ndani yake na kulalia chuma cha shingo. Mpiga solo alikunja kipande cha karatasi, akakipachika chini yake. Uliposhika, Kitinda aliuvuta, ukaruka nje ya mfereji.

Kiongozi aliteremka jukwaani akachukua gitaa, akalisogeza dirishani. Alipitisha ukucha kwenye mfupa.

"Hapa pamepigwa tupa. Tena tupa ya mbao. Nani kafanya hivi?"

Jikoni mtu aliangusha sinia.

Mzito alifungua kinywa. Wallahi alikifungua. Lakini mpiga dramu alikuwa anamtazama, na jamaa wa kwenye kona anamtazama, na lile koti lake la vifungo viwili likawa zito ghafla.

"Mimi," alisema Kitinda. "Nilipanua ili nene zikae. Nilikosea, mama."

Kiongozi alitikisa kichwa taratibu. Ilionekana ameumia kweli. Akamgeukia yule wa kwenye kona. "Unaweza kumwazima lako kwa wimbo mmoja?"

"Samahani, la kwangu huwa siazimishi," jamaa alisema, akalikumbatia zaidi.

"Basi. Binti, mkono unao, hilo sina ubishi nalo. Lakini hapa tunapiga kila siku, chombo kikiharibika hakuna wa kuomboleza naye. Siwezi kuchukua mtu anayeharibu gitaa lake mwenyewe majaribio yakiwa yamekaribia, halafu akaniambia nyuzi zimekwisha kumbe zipo." Akalirudisha gitaa. "Na wewe mzee, mfundishe mwanao asichokonoe asichokijua."

Mzito alisimama.

"Nitamfundisha," alisema.

* * *

Nyumbani mama alikuwa amefagia mpaka uani, amevaa kanga mpya.

"Enhe? Niambieni!"

"Wamempata mwingine," alisema Kitinda. "Nyuzi hazikukaa vizuri."

"Hazikukaaje? Si baba yako alizifunga?"

"Hazikukaa tu, mama." Akaingia chumbani, akafunga mlango bila kuupiga. Laiti angeupiga.

Jumatatu Mzito aliaga karakana mapema, akaenda hotelini. Alipita jikoni bila kuambiwa. Alimkuta kiongozi anapanga nyaya, akamweleza yote, kuanzia miwani ya mwenye duka hadi tupa. Alieleza amesimama, kofia mkononi, na mara hii hakuuficha mkono. Kiongozi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini hukusema pale pale?"

"Niliona aibu."

"Mzee, mimi mwenyewe nina baba. Ungesema pale, ningempa wiki atengeneze mfupa arudi. Nilichokikataa ni uzembe, na kumbe uzembe haukuwa wake." Akasugua kope. "Yule jamaa ameweka saini leo asubuhi. Siwezi kumtoa. Hana kosa."

"Hata akiugua?"

"Mzee."

"Samahani, mama. Nimeropoka."

Jioni alimsogelea mkewe kwenye mashine, akamwambia. Mama aliondoa mguu kwenye kanyagio, kitambaa kikabaki nusu chini ya sindano.

"Kwa hiyo ukuta ulikuwa umejaa."

"Ulijaa."

"Na mimi nimefunga mashine kamba ya katani." Akaigusa kamba ile kwa kidole. "Unaniambia mimi ili nikufanye nini, baba Kitinda? Nikubembeleze? Sikupoteza kazi mimi. Aliyepoteza yumo chumbani, nenda huko."

Alibisha hodi kwenye mlango wa mwanawe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kitinda alikuwa anakunja nguo za kazini.

"Nyuzi zilikuwapo," alisema Mzito.

"Najua, baba."

"Nimekwenda kwa kiongozi wenu. Nimemwambia ni mimi. Anasema..." Angeweza kuliacha hilo, lakini uongo ulikwisha kumchosha. "Anasema ningesema siku ile, angekusubiri."

Kitinda aliendelea kukunja shati. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja upya.

"Mbona ulijitwisha lile kosa?" Mzito aliuliza. "Ungenitaja tu."

"Nilidhani utakataa, baba. Nikisema mimi, wewe utasema hapana, ni mimi. Nilisubiri kidogo." Akaliweka shati juu ya mengine. "Halafu ukasema utanifundisha."

Hakulia. Mzito ndiye aliyelia, amesimama katikati ya chumba, na binti yake akamletea kiti, akamletea maji, akamwambia pole. Alifanya yote kama inavyopasa. Hakukosa hata moja.

Mzito alichonga mfupa mpya. Aliomba mfupa wa ng'ombe kwa muuza nyama, akauchemsha, akaukausha, akaukata kwa msumeno mwembamba, na mifereji akaichonga kwa visu vidogo alivyoazima kwa fundi saa, akijaribisha kila uzi. Maseremala wenzake walimuuliza kama anamtengenezea mtu jino. Ulikaa sawasawa. Kitinda aliutazama, akasema, "Asante sana, baba. Umekaa vizuri." Akarudi kwenye harusi za watu.

Harusi zikamaliza zile nyuzi za shemeji wa yule kijana. Asubuhi moja Kitinda alikuwa anavaa viatu kwenda dukani, Mzito akatoka chumbani amevaa shati safi, nywele amezilowesha.

"Nikusindikize?" alisema. "Nibebe tu. Sitasema kitu."

"Usijisumbue, baba. Wewe pumzika."

Alirudi mchana na pakiti mbili tofauti, mwenye duka amemruhusu achague nyumbani, nyingine airudishe. Mzito alikuwa amekaa pale pale kwenye kigoda. Kitinda alimwamkia, akapita, akakaa chini karibu na mashine ya cherehani, akatandaza nyuzi kwenye kanga.

"Mama, hebu shika hizi. Halafu shika hizi. Ungekuwa wewe, ungechukua zipi?"

"Mimi?" Mama alishangaa. Maisha yake yote hakuwahi kushika uzi wa besi ila kuutoa kwenye sufuria. Alimtupia jicho mumewe, akarudisha macho kwa binti yake, ambaye alikuwa anamsubiri yeye na si mwingine. "Mimi najua nini, mwanangu... Labda hizi. Zina mng'ao."

"Na mimi naona hizo."

"Hizo nzuri," Mzito alisema. "Hizo hizo. Zitakufaa."

"Asante, baba," alisema Kitinda kwa adabu, akaanza kuzifunga.